Mamba wa Luganga na Mjane wa Kwetu

(Hotuba ya kamati ya maji na usalama katika mkutano wa vikundi vya Kibomet. Tunaichapisha kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

 

Juma lililopita tulitangaza kwamba leo tutazungumza juu ya wavuvi wanaouawa na wanyama wa majini. Kijana mmoja akatuuliza, "Sasa hiyo inatuhusu vipi? Sisi ni watu wa mahindi. Papa atatoka wapi hapa Kibomet?" Watu wakacheka, na sisi tukacheka. Lakini swali lake ni zuri, na tutaanzia hapo.

Ni kweli bahari iko mbali na sisi. Lakini nendeni sokoni Kitale asubuhi yoyote muangalie meza za samaki. Kuna omena, kuna mbuta, kuna ngege. Wengine wametoka Ziwa Victoria, wengine wameteremshwa kwa lori kutoka Kalokol, Ziwa Turkana, kupitia Lodwar na Kapenguria. Wengi wa kina mama walio hapa wamesomesha watoto kwa kuuza samaki. Na vijana wetu, shamba likishagawanywa mpaka limebaki kipande cha robo eka, wanakwenda wapi? Wengine wanakwenda Nairobi, wengine ziwani kuvuta nyavu kwenye mashua ya mtu mwingine. Hata Mto Nzoia, ambao maji yake yanatoka kwenye milima yetu ya Cherangani na Elgon, unaishia Ziwa Victoria huko Budalangi. Kwa hiyo msiseme ziwa si letu.

PAPA NI WACHACHE, MAMBA NI WENGI

Tuanze na papa, kwa sababu ndiye watu wanamwogopa zaidi. Papa anaua, hatukatai. Tarehe 12 Julai 1830 mvuvi mmoja wa Swampscott, jimbo la Massachusetts huko Marekani, jina lake Joseph Blaney, alikuwa peke yake ndani ya kimashua kidogo akivua. Wenzake walikuwa umbali kidogo. Papa alikishambulia kile kimashua, na wenzake walipofika mvuvi hakuwepo tena. Ni karibu miaka 200 sasa, na kisa hicho bado kinasimuliwa huko. Kinasimuliwa kwa sababu mambo kama hayo hutokea mara chache. Wanaoweka hesabu ya papa duniani wanasema kwa wastani ni watu 5 au 6 tu wanaouawa kwa mwaka mmoja bila kumchokoza papa mwenyewe. Pwani yetu ya Kenya ina miamba ya matumbawe inayokinga ufuo, na wavuvi wa huko humtafuta papa wenyewe, wakamkausha kwa chumvi na kumpeleka sokoni. Aliye mkubwa kuliko wote, ambaye wao humwita papa shilingi kwa sababu ya madoadoa yake meupe kama sarafu, hali watu kabisa.

Mamba ni hadithi nyingine. Inakadiriwa kwamba mamba wa Nile, huyu wa maziwa na mito yetu, huua watu mamia kila mwaka katika Afrika. Mamia, ndugu zangu, na majina yao hayaandikwi kwenye kitabu chochote. Wengi wao ni nani? Ni mvuvi aliyesimama majini, ni mama anayechota maji, ni mtoto aliyetumwa na ndoo. Ni watu kama sisi.

YALIYOTOKEA LUGANGA

Sasa sikilizeni habari ya majirani zetu wa Uganda. Kwenye ufuo wa Ziwa Victoria kuna kijiji kinaitwa Luganga. Ni watu wa kuvua na kulima kidogo. Kuanzia mwaka 1991 hivi, watu walianza kupotea majini mmoja baada ya mwingine. Wanakijiji wakajua ni mamba, tena mamba mmoja mkubwa sana, mzee. Baadaye wakampa jina Osama.

Kwa kawaida mamba humngoja mtu ukingoni. Anazama, anabakiza macho na pua juu ya maji, na mtu akiinama tu anarukiwa. Huyu wa Luganga alifanya hivyo kwa watoto waliokwenda kuchota maji. Lakini pia aliwafuata wavuvi ndani ya mashua zao. Walionusurika walieleza jinsi alivyopindua mashua, na jinsi alivyoinuka kutoka majini akaingia mzima mzima nyuma ya mashua na kumkamata mtu mguu. Mwenzake anashika mikono, mamba anavuta miguu, na mamba ana nguvu kuliko watu wawili.

Kwa hesabu ya wanakijiji wenyewe, kufika mwaka 2005 watu 83 walikuwa wameliwa. Tafadhali fikirini juu ya hiyo namba. Hapa ukumbini leo tuko watu kama 80. Hebu kila mmoja amwangalie jirani yake. Ni kama ukumbi huu wote umalizwe na mnyama mmoja, kidogo kidogo, kwa miaka kumi na minne, na kesho yake watu warudi pale pale kuchota maji kwa sababu hakuna pengine.

Mwaka 2005, mwezi wa Machi, maofisa wa wanyamapori wa Uganda pamoja na wanaume kama 50 wa kijiji walifanikiwa kumtega. Walitumia mapafu ya ng'ombe kama chambo na tanzi la waya. Alipotolewa alikuwa na urefu wa karibu mita 5 na uzito wa kama tani moja. Watu walitaka kumuua hapo hapo, na nani angewalaumu? Lakini sheria ya wanyamapori ilimlinda. Akapakiwa kwenye gari, akapelekwa kwenye shamba la kufuga mamba kule Buwama, ili azalishe. Shamba hilo lilikuwa likiuza ngozi za kutengeneza mikoba.

Sisi hatusemi angeuawa ama asingeuawa. Tunauliza kitu kimoja tu. Mamba alipata pahali pa kulala na chakula cha kila siku. Je, wajane wa Luganga walipata nini?

KWA NINI MAMBA ALE WATU?

Mtu atatuambia, "Huyo hakuwa mamba wa kawaida. Alitumwa." Tumesikia maneno hayo Uganda, tumeyasikia Busia, na tumeyasikia hapa Kibomet. Tuyajibu polepole.

Mamba hula samaki, hasa akiwa mdogo. Akikua sana, anahitaji windo kubwa: swala, mbuzi, ng'ombe. Zamani palikuwa na wanyama wa porini ufuoni. Leo kila pembe ya ufuo ina nyumba, mashamba na mashua. Samaki wamevuliwa sana, tena kwa nyavu zenye macho madogo zinazochukua hata watoto wa samaki. Windo lililobaki karibu na maji ni mifugo na binadamu. Mamba akifaulu mara moja kwa mtu, anajifunza. Akiachwa miaka kumi na minne, anakuwa fundi.

Tena mamba jike hutaga mayai mengi, hata 50 na zaidi, kwenye mchanga, na huyalinda kama miezi mitatu. Ukikanyaga karibu na kiota chake hakuulizi umetoka ukoo gani.

Na kuna jambo la maji kupanda. Mei 2020 Ziwa Victoria lilifika juu kuliko rekodi ya mwaka 1964. Turkana, Baringo na maziwa mengine ya Bonde la Ufa pia yalifurika, na ripoti ya serikali ya mwaka 2021 ilisema karibu watu 400,000 waliathiriwa. Maji yakiingia shambani, mamba na kiboko wanaingia nayo. Anapopita mamba leo ndipo mtoto wa mtu alipokuwa akicheza mpira mwaka juzi.

Hata papa ni hivyo hivyo. Kule Mogadishu, Somalia, kichinjio kilijengwa karibu na bahari na damu ikamwagwa majini. Papa wakazoea kuja hapo, na watu walioogelea ufuoni wakauawa. Hakuna aliyewatuma wale papa. Waliitwa na damu, na damu ilimwagwa na watu. Kwa hiyo anayesafisha samaki na kutupa matumbo pahali pale pale kina mama wanapochotea maji, anamwita mamba kwa mkono wake.

SASA HABARI YA KWETU

Hapa ndipo pagumu kusema, lakini tulikubaliana kwenye kamati kwamba tuseme.

Kuna mama mmoja wa vikundi vyetu. Hatutamtaja, na yeye ameturuhusu kueleza. Mume wake alikwenda ziwani kufanya kazi ya kuvuta nyavu, kwa sababu karo ilikuwa imewashinda. Alikuwa anatuma pesa kidogo kila mwisho wa juma. Usiku mmoja yeye na wenzake walikuwa wamesimama majini, maji ya kiunoni, wakikokota nyavu. Mamba alimchukua. Wenzake walipiga kelele, wakapiga maji kwa makasia, hakuachiliwa. Walitafuta siku tatu. Walipata kofia tu.

Habari ilipofika hapa, sisi tulifanya nini? Tuliketi na familia siku chache, tukachanga unga, sukari na majani chai. Hilo lilikuwa jema. Lakini tulipoulizwa na mama huyu kama kuna msaada wowote wa serikali, tukamjibu kwa haraka, "Hakuna mwili, kwa hiyo hakuna kesi." Hatukuuliza mtu, hatukusoma sheria. Tulisema tu, kwa vile kila mtu husema hivyo. Alikwenda mara moja kwenye ofisi moja, akaambiwa arudi kesho, na kesho yake akaambiwa faili haipo. Akakata tamaa.

Mambo hayakuishia hapo. Maneno yakaanza upande wa wakwe. Eti mamba alitumwa. Eti mke ndiye anayejua. Eti alitaka shamba. Jembe lake likatupwa nje ya uzio. Mwanamke aliyefiwa akageuzwa kuwa mshitakiwa. Na sisi wa kamati, tunaoimba pamoja naye, tunaoweka akiba pamoja naye, tulisikia maneno hayo tukanyamaza. Wengine wetu, tuseme ukweli, tuliyarudia njiani tukitoka mkutanoni.

Wahenga walisema, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Tulikula naye miaka mingi kwenye kikundi. Siku ile ya shida tukawa tumekula tu, basi. Mama yetu, uko hapa ukumbini. Tunakuomba msamaha mbele ya watu, kwa sababu na wewe ulisemwa mbele ya watu.

SHERIA INASEMAJE

Baada ya hapo tulijifunza, tukiwa tumechelewa. Ndiyo maana tunataka nyote mjue.

Kenya ina Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013. Kabla ya hapo, fidia ya mtu aliyeuawa na mnyama ilikuwa shilingi 200,000 tu. Sheria ya 2013 iliweka shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa jeraha linaloacha ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine kulingana na ukubwa wake. Mamba yumo kwenye orodha ya wanyama wanaolipiwa. Ilipotungwa, orodha ilitaja hata papa na nyoka wenye sumu. Imerekebishwa baadaye, kwa hiyo usikisie. Uliza ofisi ya KWS iliyo karibu ni wanyama gani wamo.

Hatuwadanganyi kwamba pesa zinakuja mbio. Madai ya fidia yamekuwa yakirundikana na familia nyingi zimengoja miaka. Lakini asiyeandikisha madai hata kwenye foleni hayumo.

Jambo likitokea, fanyeni hivi:

Kwanza, ripoti polisi siku hiyo hiyo ama kesho yake, na upate nambari ya OB. Usiondoke bila nambari hiyo.

Pili, ripoti KWS, waje waone pahali palipotokea, na uombe fomu ya madai. Dai hupelekwa kwa kamati ya fidia ya kaunti ile ambako tukio lilitokea, si lazima kaunti unakoishi.

Tatu, majeruhi apelekwe hospitali, si kwa duka la dawa. Jeraha la mamba huoza haraka, na sindano ya pepopunda ni ya lazima. Damu ikitoka sana, kandamiza kwa kitambaa safi na usiachilie mpaka mfike. Chukua karatasi zote za matibabu.

Nne, na hili ndilo lililotuponyoka sisi: kama mwili haukupatikana, tafuta mashahidi upesi. Wavuvi huhama. Mwezi mmoja baadaye mmoja yuko Mbita, mwingine amevuka Uganda. Waandikishe polisi walichokiona, na chifu na viongozi wa bichi, wale wa BMU, wajue. Bila ushahidi kama huo, familia inaweza kujikuta inangoja miaka 7, ambayo sheria yetu ya ushahidi inahitaji ili mtu asiyesikika ahesabiwe kuwa amekufa. Miaka 7 ni mtoto wa chekechea mpaka darasa la sita.

Tano, weka nakala ya kila karatasi kwa mtu unayemwamini. Karatasi hupotea, hasa pale nyumba ikiwa na ugomvi wa urithi.

KINGA

Tahadhari kabla ya hatari. Wale wenye vijana ziwani wapelekeeni maneno haya, hata kwa simu.

Asivue peke yake. Kumbukeni yule wa mwaka 1830: wenzake walikuwepo, lakini si ndani ya kimashua chake, na walipofika walikuwa wamechelewa.

Asisimame majini usiku kukokota nyavu. Mamba huona gizani, wewe huoni. Nyavu hizo za kukokota kutoka ufuoni zimekatazwa Kenya tangu 2001, kwa sababu zinamaliza samaki wadogo. Tajiri wa mashua anayewalazimisha vijana kufanya hivyo usiku anavunja sheria mara moja na kuhatarisha maisha mara mbili. Kijana aambiwe anaweza kukataa.

Mikono na miguu isining'inie nje ya mashua. Na jaketi la kuokolea maisha si mapambo, kwa sababu mashua ikipinduliwa wengi hufa kwa kuzama.

Kwa wanaochota maji mtoni ama ziwani: chota kwa ndoo yenye mpini mrefu ama kamba, usiinamie maji. Usichote pahali pamoja, saa moja, kila siku, kwa maana mamba anashika mazoea yako. Katika nchi nyingi, kama Sri Lanka, watu huzungushia sehemu ya kuchotea maji uzio wa miti imara iliyokitwa ndani ya maji. Mtu anachota na kuoga ndani yake. Ni kazi ya vijana kumi kwa siku mbili, na gharama yake ni miti na misumari. Na kilicho bora kuliko vyote ni kisima ama pampu, ili mtoto asiende ukingoni kabisa.

TULIYOAMUA

Kamati haikuja kwenu na maneno matupu. Tumeamua mambo manne, na tunawaomba myapitishe.

La kwanza: tutakuwa na daftari la vijana wetu wote waliokwenda maziwani, likiwa na bichi wanayofanyia kazi na namba ya mtu wa kupigiwa. Mpaka sasa kijana akipatwa na jambo, sisi tunasikia kwa uvumi wa makanga wa matatu.

La pili: watu wawili wa kamati watafuatana na mama wetu kwenda kule ziwani kutafuta wale waliokuwa na mume wake usiku ule. Nauli itatoka kwa mfuko wa kikundi. Tunajua muda umepita. Wawili kati yao tumeambiwa bado wako bichi ile ile.

La tatu: wazee watakaa na upande wa wakwe juu ya shamba. Hatuendi kugombana. Tunakwenda kusema kwamba mamba hana dini wala ukoo, na kwamba mjane hakosi shamba kwa sababu ya mnyama.

La nne ni letu sisi sote. Mtu yeyote akisema ndani ya kikundi kwamba mamba, nyoka ama radi imetumwa na fulani, mwenyekiti amsimamishe aulizwe, "Wewe umeona nini kwa macho?" Kama hakuona, anyamaze.

Yule kijana aliyeuliza papa atatoka wapi hapa Kibomet tumemuuliza kama atakubali kuandika lile daftari, kwa sababu hati yake ni nzuri. Amekubali. Ataanza leo pale mlangoni. Mwenye mtoto, ndugu ama mume ziwani asitoke bila kuandikisha jina.